Mgeni wa Mke Wangu

Tangu turudi, wengi mmenipigia simu mkiuliza, "Mchungaji, Efeso ulihubiri?" Nimekuwa nikikwepa swali hilo. Leo nalijibu, na naomba unisome mpaka mwisho.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Matendo ya Mitume alichora ramani ubaoni kwa chaki: Korintho, Efeso, Mileto. Pembeni ya daftari langu niliandika, "Siku moja, Bwana." Nilikuwa na miaka 22. Tangu siku hiyo nimejiona mara nyingi nimesimama Efeso, Biblia mkononi, pale pale palipotokea ghasia za Matendo 19.

Basi Mungu akafungua mlango. Lakini hakuufungua kwa jina langu.

Mnajua mke wangu ni mkunga, mwaka wa 19 sasa. Alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa wakunga huko Izmir, Uturuki. Izmir ndiyo Smirna ya Ufunuo 2, na Efeso iko kama kilomita 80 kusini yake. Waliomwalika walimlipia tiketi na chumba cha hoteli. Tiketi yangu aliilipa yeye mwenyewe, kwa akiba yake ya Sacco. Aliniambia, "Umeota mahali hapo tangu kabla hujanioa. Twende."

Mpendwa, nilikaribia kukataa. Mzee mmoja alinitania, "Siku hizi Mama ndiye anakupeleka?" Nilicheka naye, lakini moyoni ilinichoma. Nimezoea kualikwa. Nimezoea kiti cha mbele.

Siku ya kwanza kule mkutanoni tulipewa kadi za kuvaa shingoni. Yake ilikuwa na jina lake na kazi yake. Yangu ilikuwa na jina lake pia, na chini limeandikwa kwamba mimi ni mgeni wake. Jina langu halikuwepo popote. Niliigeuza ile kadi ili isisomeke.

Kesho yake asubuhi, yeye akiwa kazini, nilipanda treni mpaka mji wa Selçuk, kisha nikaenda Efeso. Wapendwa, ni pakubwa! Ule ukumbi wa wazi wa mawe umechongwa ubavuni mwa kilima, na watu kama 25,000 wangeweza kuketi pale. Nilishuka mpaka chini, nikafungua Matendo 19, nikajiandaa kupiga video ya kuwaletea.

Hapo ndipo Neno likanisimamisha. Nimeifundisha sura ile miaka yote, lakini siku ile niliisoma kama mgeni. Siku ya ghasia, Paulo alitaka kuingia kwa watu, na wanafunzi wakamzuia. Hata rafiki zake miongoni mwa wakuu wa Asia walimtumia ujumbe asiingie. Umati ukapiga kelele muda wa saa mbili, na aliyeutuliza ni karani wa mji. Paulo hakusema neno mle ndani. Mahali nilipoota kuhubiri kwa zaidi ya miaka ishirini, Paulo mwenyewe siku ile alizuiwa kuingia! Nikarudisha simu mfukoni.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya mke wangu kuzungumza. Nilikuwa nimepanga kurudi Efeso. Badala yake niliketi kiti cha nyuma kabisa.

Alizungumza juu ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Alisema mama akipoteza zaidi ya nusu lita, hiyo ni hatari, na kwamba kukadiria damu kwa macho hudanganya. Jicho huona kidogo kuliko kilichomwagika. Ndiyo maana wakunga wanafundishwa kutumia shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo, wajue mapema na kuchukua hatua. Kisha akasimulia habari ya mama mmoja aliyemfia mikononi usiku, miaka sita iliyopita, na mtoto akabaki hai.

Nilipiga hesabu. Ule usiku naukumbuka. Alirudi nyumbani asubuhi, akaketi kwenye kochi bila kuvua viatu. Nilikuwa na ibada ya mazishi. Nikamwuliza, "Chai haijawekwa?"

Akainuka, akaweka chai. Hakuniambia kitu. Mimi sikuuliza. Miaka sita! Nikaja kuisikia habari hiyo Uturuki, nikiwa kati ya watu wasionijua. Mimi pia nilikuwa nimekadiria kwa macho.

Ukisoma Ufunuo 2, Bwana anaisifu Efeso kwa kazi, taabu na subira, kisha anaishtaki kwa jambo moja: upendo wa kwanza umeachwa. Nimeihubiria kanisa sura hiyo mara nyingi. Nilikuwa sijawahi kuisoma nikiwa mume.

Nikawakumbuka pia Prisila na Akila. Walifika Efeso na Paulo, Matendo 18, na huko wakamweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Katika Warumi 16:3 na tena katika 2 Timotheo 4:19, Paulo anamtaja mke kwanza. Hakuna mahali tunapoambiwa Akila alinung'unika. Wakati mmoja jina lako litatangulia, wakati mwingine utabeba mkoba. Mke wangu amebeba wangu miaka yote. Amekaa kwenye krusedi na makesha akitambulishwa kama "Mama Mchungaji" tu, naye ametoka zamu ya usiku. Mimi siku tatu zilinishinda.

Alipotoka ukumbini nilimpokea mkoba. Ile kadi niliigeuza, ikasomeka. Jioni nilimwomba msamaha kuhusu ile chai. Alilia. Nami pia.

Kwa hiyo, la, sikuhubiri Efeso. Nilihubiriwa, na mhubiri alikuwa mke wangu. Jina lake mnalijua, na Jumapili nitaliita lote, mbele ya kanisa.

Mpendwa, leo usiku muulize mwenzako, "Kazini kulikuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Kama huna mwenzi, muulize mama yako, au yule dada anayefagia kanisa Jumamosi.

Tuombe: Baba, utusamehe tulipomwona mtu kila siku na tusimjue. Uturudishe kwenye upendo wa kwanza, kwako na nyumbani kwetu. Katika jina la Yesu.

Ukipokea, andika AMINA. Lakini muulize kwanza, ndipo uandike. Mbarikiwe.