Sikiliza Gitaa la Pili

Kwetu Rwimbogo, Rwanda, katika miaka ya 70, mwenye santuri hakukosa wageni. Umeme haukuwepo. Gramafoni ilikula betri, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kumalizia wimbo mmoja au miwili. Ng'ambo ya mto Ruzizi ilikuwa Zaire, Kongo ya leo. Santuri zilitoka Bukavu, zikavuka daraja hadi Kamembe, kisha zikatufikia zimeviringishwa ndani ya vitenge zisivunjike. Usiku redio ilitupa Bukavu, na hewa ikiwa safi, ilitupa Dar es Salaam pia.

Aliyetukusanya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima aliyepata kusoma Bukavu. Jumapili baada ya misa walikuja kwake dereva wa lori, muuguzi, mfanyabiashara wa mchele kutoka Bugarama na sisi vijana wawili watatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta santuri vumbi na kugeuza upande. Wengi wetu Lingala ya nyimbo hizo hatukuijua vizuri, na nadhani hilo lilitusaidia: maneno yalipotuponyoka, masikio yalikwenda kwenye magitaa.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya wapiga gitaa wawili wa Zaire, Franco na Docteur Nico. Dereva alikuwa wa Franco, na OK Jazz, bendi ya Franco, kwake ilikuwa kama dini. Franco hakuwa na haraka. Alikamata kipande kimoja kifupi, akakirudia kwa dole gumba na kidole cha shahada, kizito, chenye ukali, mpaka mchezaji anajisahau uwanjani. Nico Kasanda alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti ya gitaa lake ilikuwa safi, kila noti ukiisikia mwanzo wake na mwisho wake, na sebene, ile sehemu ya magitaa, ilipoanza alisimulia kisa kizima bila kurudia neno. Muuguzi alikuwa na santuri za African Fiesta Sukisa, bendi aliyoiunda Nico baada ya kuachana na mwimbaji Rochereau, na hakumruhusu mtu kuzishika isipokuwa mimi.

Siku moja ubishi ulipopamba moto, mwalimu akainua sindano kwenye santuri ya Nico.

"Wazee wangu, hao wawili waacheni kwanza. Huyu wa nyuma anafanya nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsikiliza. Wa nyuma alikuwa Dechaud, kaka mkubwa wa Nico, mpiga gitaa la pili, la rizimu. Mwalimu alirudisha wimbo, akatuagiza tumsahau Nico kabisa. Ndipo nilipomsikia: vipande vifupi, vinavyojibu, vinavyoziba kila pengo, visivyochoka wala kujitangaza. Ukimwondoa Dechaud, Nico anabaki anaongea peke yake. Ndugu hao wawili walikuwa pamoja Brussels mwaka 1960, wakati African Jazz ya Kabasele ilipopiga "Indépendance Cha Cha" kwenye Mkutano wa Meza ya Mviringo kuhusu uhuru wa Kongo. Afrika nzima iliwasikia Kabasele na Nico. Dechaud alikuwepo palepale.

Tangu siku hiyo tulianza kusikiliza upya hata tulichokijua. Dereva alipata silaha mpya: mpiga rizimu wa OK Jazz, Simaro Lutumba, ndiye aliyetunga "Mabele" ya mwaka 1974 iliyoimbwa na Sam Mangwana. Tuligundua gitaa la tatu, mi-solo, linalopita katikati ya solo na rizimu. Mfanyabiashara wa Bugarama, aliyetumia Kiswahili zaidi kuliko sisi sote, alikuwa wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz ya Tanzania, na alipokufa Mbaraka kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafika miaka 35, alikuja Jumapili hiyo akakaa bila kuomba wimbo wowote. Na tulimrudia Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" aliurekodi Hugh Tracey kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952: mtu mmoja, gitaa moja, na bado solo na rizimu zote mbili zimo.

Jazz ya wazungu na ya Wamarekani mwalimu alituonjesha kwa uchache. Santuri niliyoipenda ilikuwa ya mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Moto ulimuunguza mkono wa kushoto mwaka 1928, vidole viwili vikakosa kazi, na solo zake zote maarufu alizipiga kwa viwili vilivyobaki. Dereva alikataa kuamini. Mwalimu akamfunga vidole viwili kwa ukambaa wa mgomba, akampa gitaa. Hakufika popote. Hapo mwalimu akatueleza kwamba Mbelgiji mwingine, Bill Alexandre, mpigaji wa jazz, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1953 na gitaa la umeme, na vijana waliokuwa studio wakamtazama mikono. Kwa hiyo jazz ya kina Django haikuwa ngeni kwenye magitaa yetu kama tulivyodhani.

Nico alifia Brussels mwaka 1985. Franco alifuata Oktoba 1989, naye pia Ubelgiji.

Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mwalimu aliuawa, na muuguzi pia. Nyumba ya mwalimu ilivunjwa na santuri zote zikaenda. Mwaka huohuo aliuawa Sebanani André wa Orchestre Impala, sauti iliyopendwa nchi nzima. Kuhusu santuri nimekwisha kuacha kulia, maana leo simu ya mjukuu wangu ina nyimbo nyingi kuliko tulizowahi kuwa nazo. Masikio ya mwalimu ndiyo hayapatikani popote.

Wajukuu wakinipigia nyimbo hizo nawauliza swali lake, nao husikia. Lakini wakitaka jina, shida inaanza. Kwenye kaseti nyingi za zamani za bendi zetu utakuta jina la mwimbaji, pengine la mpiga solo, basi. Waliopiga rizimu na mi-solo Kamembe, Kigali, Bukavu na Bujumbura ni wazee sasa, na wengine tumekwisha kuwazika. Kama kwenu yupo mzee aliyewahi kushika gitaa katika bendi, muulize nani alikuwa pembeni yake, alipiga gitaa lipi, katika wimbo gani. Andika jina hilo, kamili, leo.