Mtoto Aliyesita Kukua Tumboni

Baadhi ya kina mama wametuomba tueleze yaliyotufika katika mimba yetu ya pili, nasi tumeona bora tuyaandike.

Katika wiki ya 31 mkunga alinyoosha utepe juu ya tumbo, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, akapata sentimita 27. Hapa Uingereza hupima hivyo tangu wiki ya 24, na hutazamia sentimita zikaribiane na idadi ya wiki. Sisi tulicheka. Kwetu sote ni wadogo wa maungo, na Bi Mkubwa alituambia kwa simu kutoka Unguja kwamba mtoto mdogo ni mwepesi kuzaliwa. Miadi ya altrasaundi iliangukia siku ya harusi ya jamaa, tukaipisha.

Hapo tulikosea. Mtoto mdogo kwa kurithi huendelea kukua kwa kadiri yake. Aliyesita kukua huanza vyema kisha hupunguza mwendo, mara nyingi kwa kuwa kondo la nyuma halimfikishii damu ya kutosha. Kwa hiyo pimo moja halitoshi. Tulipokwenda hatimaye, walipima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, wakatazama na mwendo wa damu katika mshipa wa kitovu. Tumbo lake lilikuwa dogo mno kuliko kichwa: chakula kichache kilichomfikia, mwili wake ulikitanguliza kwenye ubongo. Tuliulizwa pia kama twavuta sigara, tukaona tumetukanwa. Kumbe sigara ni miongoni mwa sababu, na kila mtu huulizwa.

Dawa ya kumkuza tumboni hakuna. Iliyopo ni kumwangalia kwa karibu na kuchagua siku ya kumzalisha.

Wiki ya 33, usiku, alipunguza kucheza. Mmoja wetu alisema tungoje asubuhi, tusisumbue watu saa saba za usiku. Mwenye tumbo alikwisha kuvaa buibui. Hospitalini walimdunga sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na kesho yake jioni akazaliwa kwa upasuaji, binti wa kilo 1.5, analia. Alhamdulillahi.

Bi Mkubwa alipokuja kututembelea alimpakata, akanyamaza kitambo, kisha akauliza utepe ule wauzwa wapi.