Maji Yana Jina Moja

Kalamu ya karani, kama bunduki, huweza kumdhulumu mtu asiye na hatia. Nimelijua hilo kwa kosa langu mwenyewe.

Mimi ni Mteso wa Katakwi, mashariki ya Uganda. Nilipata cheti cha ualimu, kisha nikaajiriwa katika ofisi ya gombolola. Ng'ombe wa baba yangu waliporwa na wavamizi kutoka Karamoja mwaka 1987, kabla sijazaliwa. Nami nikakua nikilitazama zizi tupu. Bunduki zilikuwa zimeenea Karamoja baada ya ghala la kambi ya jeshi ya Moroto kuporwa mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka. Serikali ilianza kuzikusanya mwaka 2001, ikarudia mwaka 2006. Hata hivyo wizi wa mifugo ulizuka tena mwaka 2019.

Kiangazi kimoja wafugaji wa upande wa Napak walishuka kwetu kutafuta majani na maji, kama ilivyo desturi yao. Wakulima wakalalamika kwamba mashamba yamekanyagwa na mpaka umevukwa. Wafugaji nao wakasema hapo ndipo baba zao walipokuwa wakinywesha. Wazee wa pande mbili wakaketi chini ya mkwaju, polisi na wanajeshi wakiwapo. Mimi nikawa mwandishi.

Mzee mmoja Mkaramojong alieleza jinsi babu zake walivyokuwa wakiomba ruhusa kwa wazee wa Teso kabla ya kunywesha, na jinsi walivyokuwa wakiondoka mvua ziliponyesha. Maneno hayo sikuyaandika. Nalikumbuka lile zizi.

Kabla wazee hawajatia alama za vidole gumba, sajini wa polisi aliamuru kumbukumbu zisomwe kwa sauti. Nilipomaliza, yule mzee aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, maneno yangu yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Wazee wa kwetu wenyewe wakathibitisha kuwa aliyoyasema ni kweli. Nikaandika upya, mkono ukitetemeka.

Na ni maneno yale yale yaliyozaa mapatano: wafugaji watangulize wajumbe kuomba ruhusa, wapite njia moja iliyo mbali na mashamba, mifugo ihesabiwe ikiingia na ikitoka, asije mtu na silaha. Suala la mpaka likaachiwa wapima ardhi wa serikali.

Jioni nilimsimulia baba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee huyo siye aliyechukua ng'ombe wangu."

Kwa Kiteso maji huitwa akipi. Kwa Kikaramojong, ngakipi. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, lakini sikupata kulifikiria hadi siku ile.

Kwa hiyo, ndugu askari unayelinda mkutano wa namna hii, fanya kama sajini yule: taka maandishi yasomwe mbele ya wote. Nanyi wazazi, wasimulieni watoto habari za zizi tupu, lakini msiwaachie deni la kulipiza.