Safari Yetu ya Scarborough

Tangu turudi Muheza watu wengi wametuuliza, "Walimu, huko Uingereza mliona nini?" Nasi huwajibu kwamba tuliona mengi, kisha twanyamaza. Leo twataka kuandika habari ya siku mbili tu za safari ile, kwa maana katika siku hizo tulifundishwa neno tusilolijua, ingawa sisi wawili, mume na mke, tumefundisha watoto wa watu miaka 33.

Tulikwenda mwezi wa Julai, mwaka 2023, kumwangalia binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa York. Siku ya nne, baada ya chakula cha jioni, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kuchukua uraia wa nchi ile. Nanyi mwajua kwamba sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Achukuaye wa pili huuacha wa kwanza, wala wakati ule asiye raia hakuweza kumiliki ardhi kama mwananchi. Nasi tulikuwa tumemwekea shamba, eka tatu za michungwa, karibu na makaburi ya babu zake. Yule baba katika sisi akainuka mezani asiseme neno. Yule mama akasema, "Kumbe tulizaa kwa ajili ya wengine." Tangu hapo, siku tatu, nyumba ile ilikuwa na salamu tu, haina mazungumzo.

Siku ya nne yake, asubuhi, binti akaja na ufunguo wa motakaa yake. Alikuwa amekwisha kulipa bima kwa majina yetu, na chumba cha kulala usiku mmoja. Akasema, "Shikamooni. Nendeni Scarborough mkaone bahari. Wazee wa huku hupenda kwenda huko." Tukaitikia marahaba, tukaupokea ufunguo. Tulifahamu kwamba si sisi tu tuliohitaji kupumzika. Na yeye alihitaji kupumzika nasi.

Toka York hata Scarborough ni maili 40 hivi. Magari ya huko hupita mkono wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hatukuona taabu, ila simu iliyokuwa ikitutajia njia ilisema upesi kuliko dereva awezavyo kusikia. Mara mbili tukaipita njia panda tuliyoambiwa tukate, tukazunguka katikati ya mashamba ya ngano. Mpaka tulipoupita mji mdogo wa Malton hatukuwa tumesemezana neno ila "kata hapa" na "ngoja". Hata tulipofika mahali pa juu tukaiona bahari mbele yetu, ya rangi ya jivu, mmoja wetu akasema, "Hiyo nayo ni bahari?" Mwenzake akacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza baada ya siku tatu.

Scarborough ni mzee miongoni mwa miji ya Waingereza ya kupumzikia pwani. Karibu na mwaka 1626 mwanamke mmoja, jina lake Elizabeth Farrow, aliona chemchemi chini ya jabali, maji yake yana ladha ya chuma. Watu wakaanza kuja kuyanywa kama dawa. Baadaye matabibu wakawaambia kwamba na maji ya bahari yenyewe huponya, wakaingia baharini kwa amri ya tabibu, si kwa furaha. Katika picha ya mwaka 1735 kimeonyeshwa kibanda cha mbao chenye magurudumu. Vibanda vya namna ile vilivutwa na farasi mpaka majini, mtu akavua nguo ndani asionekane, kisha akashuka baharini. Ilipofika reli kutoka York, mwaka 1845, ndipo na watu wa viwandani walipoweza kwenda. Mwaka 1867 ikafunguliwa hoteli kubwa iitwayo Grand, ambayo wajenzi wake waliufuata mwaka: minara 4 kwa ajili ya majira, orofa 12 kwa miezi, mabomba ya moshi 52 kwa majuma, na vyumba 365 kwa siku. Lakini tangu ndege zilipoanza kuwachukua Waingereza kwenda Uhispania kwenye jua kwa bei nafuu, miji kama huu imepungukiwa na wageni. Rangi za kuta zimebanduka hapa na pale, nao mji umebaki na desturi zake za kale.

Mji uko juu na pwani iko chini, hivyo watu hushuka kwa vigari vya reli vilivyojengwa mwaka 1881, navyo vyafanya kazi mpaka leo. Vigari ni viwili, vimeungwa kwa kamba ya chuma. Kimoja kikishuka chamsaidia mwenzake kupanda. Tulitazama jambo lile kwa kitambo. Sisi wenyewe tumeishi hivyo miaka yote. Mmoja akishuka moyo, mwingine humwinua. Safari hii tu tulikuwa tumeshuka wote wawili pamoja.

Huko chini tuliwakuta wazee wameketi katika viti vya turubai, wamevaa makoti katikati ya kiangazi, wakiyatazama maji wasiyoyaingia. Wengine hawakutoka hata ndani ya motakaa zao; waliziegesha zikaelekea baharini, wakanywa chai ya chupa, mume na mke, kimya. Kwetu mtu hushuka pwani kwa kazi: mvuvi avue, mchuuzi anunue. Tulishangaa, kisha tukaketi vilevile. Tukanunua samaki wa kukaanga na viazi. Kabla hatujatia tonge la pili shakwe mkubwa akashuka kutoka nyuma, akakinyakua kipande cha yule baba mkononi mwake, akaenda zake. Bibi mmoja Mwingereza akatupa pole kama aliyefiwa, akatuambia kwamba shakwe hawa huwadhulumu wote sawasawa, weupe kwa weusi. Tukacheka naye.

Alasiri tulikwenda bustani ya Peasholm. Tangu mwaka 1927 huonyeshwa hapo vita vya merikebu katika ziwa dogo. Merikebu ni ndogo, na ndani ya nyingi ameketi mtu aiendeshaye, wala haonekani. Mizinga ikalia, moshi ukatanda, watoto wakapiga makofi. Lakini mji huu wavijua na vita vya kweli, kwa maana tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Wadachi zilikuja asubuhi zikaupiga kwa mizinga, wakafa watu zaidi ya kumi, hata mtoto mchanga.

Jioni tulitembea juu ya jabali. Viti vya mbao ni vingi, na karibu kila kiti kina kibao kidogo chenye jina la mtu aliyekufa, na neno kwamba alipenda kuketi hapo. Yule mama akasema, "Hawa wamezikwa mahali pengine, lakini watoto wao wamewaweka walipopapenda." Hatukumjibu, lakini neno lile tulilala nalo.

Asubuhi tukapanda mpaka kanisa la Mtakatifu Maria, chini ya ngome ya kale. Hapo pana kaburi la Anne Brontë, mtungaji wa vitabu. Alikuwa mwalimu wa watoto nyumbani mwa matajiri, na taabu ya kazi ile aliitumia katika kitabu chake "Agnes Grey", kilichotoka mwaka 1847. Kila kiangazi matajiri wale walikuja naye Scarborough, akaipenda bahari hii. Baba yake alikuwa kasisi wa Haworth. Katika muda wa miezi mitatu tu, mwaka 1848, yule mzee alizika watoto wawili, na Anne naye akapatwa na kifua kikuu. Mwezi wa Mei 1849 Anne akaomba aletwe aione bahari. Dada yake Charlotte na rafiki yao wakamchukua, wakalala York, wakafika. Siku chache kabla ya kufa alipanda kigari cha punda mchangani, akaishika hatamu mwenyewe, asije kijana mwenye punda akamharakisha mnyama yule kupita nguvu zake. Tarehe 28 Mei akafa, katika nyumba iliyosimama mahali palipo leo ile hoteli Grand. Charlotte akamzika papo hapo, asimchoshe baba yao mzee kwa safari na maziko ya tatu. Hivyo wenziwe wote wamelala Haworth, naye yuko peke yake juu ya bahari. Hata umri wake juu ya jiwe umekosewa: imeandikwa miaka 28, naye alikuwa na 29.

Tulisimama hapo muda mrefu. Yule baba katika sisi, ambaye tangu usiku ule mezani hakuwa amelitaja jambo la binti, akasema, "Mzee yule hakumwona mwanawe akizikwa. Lakini hatujasikia kwamba alisema si mwanangu." Yule mama akalia, akasema, "Mimi ndimi niliyesema." Tukashikana mikono tukashuka.

Njiani kurudi tulizungumza maili zote 40, na hatukupotea hata mara moja. Tulikuwa tumenunua peremende za mji ule, ndefu kama fimbo, ambazo jina la mji limeandikwa ndani yake toka mwanzo hata mwisho. Ukiivunja popote, jina limo. Tulipofika York tukampa binti. Yule mama akamwomba radhi kwa neno lake, na yule baba kwa kimya chake, ambacho kilimuumiza zaidi. Ndivyo alivyotuambia mwenyewe. Juu ya shamba akasema, "Mpeni Kaka. Ila msiukate mchungwa ulio karibu na njia. Ule niliupanda mimi." Haujakatwa.

Ndugu wazazi wenzetu, watoto wetu wengi wako mbali siku hizi, na wengine hawatarudi. Wazee walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tulikuwa tukiifasiri methali ile kwamba lazima mtu arudi bandari aliyotoka. Lakini ngama haiko bandarini. Imo ndani ya chombo, nayo huenda na chombo popote kiendapo. Basi, mwenye mtoto ng'ambo, na amwandikie leo, kabla siku tatu za kimya hazijawa miaka mitatu.