Spoila ya Kaka na Mdomo Wangu

Nimekuwa kimya, mtanisamehe. Testi zilinibana, na huku ndo tunajiandaa kwenda field kufundisha. Leo acha nitoe la moyoni.

Jumamosi kaka yangu alikuja kunisalimia hosteli na Altezza yake. Kumbe kafunga spoila mpya, imesimama juu ya buti kama kamba ya nguo. Mimi na mdomo wangu, mbele ya marumeti: "Kaka, sasa hapo unaanika nini?" Watu walicheka mpaka basi. Yeye hakucheka.

Sikuishia hapo. Si nasoma Fizikia bwana! Nikamwaga lekcha: nguvu ya hewa inapanda kwa kipeo cha pili cha spidi. Ukienda kilomita 50 kwa saa, spoila inapata sehemu 1 tu kati ya 16 ya nguvu ambayo ingepata kwenye 200. Kwa foleni za Ubungo, hiyo 200 utaitoa wapi?

Rumeti mmoja akanibana. Mbona Porsche 911 Carrera RS ya 1973 ina kimkia cha bata na wote tunaisifia? Nikasema kile kina kazi, kinapunguza gari kunyanyuka nyuma. Akaniuliza, na Lamborghini Countach je? Lile bawa lake mteja alichagua mwenyewe kulifungisha, na lilipunguza spidi ya juu. Watu walilitaka hivyo hivyo, basi tu, walilipenda. Nikakosa jibu.

Halafu nikakumbuka gari ninayoipenda mimi: Audi TT ya 1998, mgongo mviringo, laini, haina spoila. Jamani, ile ilipata ajali za spidi kali Ujerumani, watu wakafa. Audi wakaziita zirudi, wakazifunga kijispoila kidogo na mfumo wa kuzuia gari lisiyumbe. Yaani nilichokiita safi ndicho kilikuwa na kasoro. Kumbe siku zote ile "sayansi" yangu ilikuwa ni ladha yangu tu, nimeivalisha koti la maabara.

Wakati anaondoka, kaka alisema taratibu: "Mdogo wangu, ile picha ya gari niliyobandika chumbani kwetu, uliiona miaka yote. Ilikuwa na spoila." Ni kweli. Na ni yeye aliyenilipia ada ya advance, picha ikabaki ukutani.

Usiku sikulala vizuri. Ila kuna kitu kingine nilikiona: tairi zake za nyuma ni vipara, na Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, mvua ndo hizi. Nikampigia. "Kaka, kuhusu spoila nisamehe, nilikukosea. Kuhusu tairi, hapana, siombi radhi." Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jana kanitumia picha: tairi mbili mpya. Juu yake spoila ile ile.

Bado siipendi. Lakini gari ni lake, na kaka ni wangu.

Haya wadau, nawahi kipindi. Tuonane wiki ijayo.