Mama Ameniombea, Lakini Bado Mimi ni Mwanafunzi

Ukisikia kwamba msichana fulani ameombewa na mamake kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, usiharakishe kumpongeza. Ombi hilo ni foleni tu. Halimpi ruhusa ya kuishi huko, wala ya kufanya kazi.

Mama alihamia Lowell, Massachusetts, mwaka wa 2017 baada ya kushinda bahati nasibu ya viza. Kitinda mimba wetu aliandamana naye. Mimi nilikuwa nimepita miaka 21, nikaachwa. Mwaka uliofuata nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, na mnamo 2019 mama akanijazia fomu ya I-130. Viza za kundi letu, yaani watoto wakubwa wa wakaazi ambao hawajaoa wala kuolewa, zina kikomo kila mwaka. Kila mwezi nasoma taarifa ya serikali kuona kama tarehe yangu imefikiwa. Bado.

Wenzangu huniuliza, "Dada, karo yote hii ya nini? Acha chuo ufanye kazi, si mama ameshakuombea?"

La hasha! Zamu yangu ikifika, nitahitajika kuonyesha kwamba sikuvunja masharti ya uanafunzi, ndipo nibadilishiwe kibali bila kuondoka nchini. Na sheria ya 1996 ni kali: anayehesabiwa kukaa bila idhini zaidi ya siku 180 kisha akatoka, hufungiwa mlango miaka mitatu, akipitisha mwaka mzima, kumi.

Kwa hivyo nasoma. Katika shahada ya kwanza nilitakiwa kubeba saa 12 za masomo kila muhula, na kazi ya chuoni isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Muhula mmoja hesabu zilinilemea, nikataka kuliacha somo hilo. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni akanitazama, akasema, "Utabaki na saa tisa." Nikarudi darasani. Nilipata C, na sijapata kuifurahia alama kama ile.

Nyanya alipofariki sikwenda Machakos. Viza iliyo kwenye pasipoti yangu ilikuwa imekwisha, na fomu ya kuomba nyingine huuliza kama kuna aliyekuombea ukaazi. Jibu langu ni ndiyo. Sasa ungemridhishaje afisa wa ubalozi kwamba wewe ni mwanafunzi tu, utarudi kwenu? Nilifuata mazishi kwa simu, saa tisa za usiku.

Kisha kuna jambo la ndoa. Maadamu mama bado ni mkaazi, hajawa raia, nikiolewa leo ombi linakufa leo. Akiwa raia naweza kuolewa, ila nitahamishiwa foleni nyingine iliyo ndefu zaidi. Wazazi wa mchumba wangu wameuliza mara mbili walete mahari lini. Shangazi ndiye anayewajibu; mimi sina uso.