Mwanya Umerudi

Niligundua nikiwa chooni ofisini, Westlands, nikijaribu kutoa kipande cha sukuma wiki kwenye meno kabla ya mkutano. Kilikuwa kimekwama katikati kabisa, kati ya yale meno mawili ya mbele ya juu, mahali ambapo kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na nafasi hata ya uzi. Nikasogea karibu na kioo. Nikaingiza ncha ya ukucha. Ikaingia.

Mwanya ulikuwa umerudi. Bila hodi.

Huo mwanya si wangu peke yangu. Ni wa mama, na kabla yake ulikuwa wa nyanya, kule Mumias. Kiswahili kinatofautisha mambo haya vizuri: pengo ni pale jino lilipong'oka, mwanya ni nafasi uliyozaliwa nayo, na watu huuhesabu kuwa urembo. Mama anauza mitumba soko la Kangemi, na nimekua nikiona mteja akikubali kuongeza hamsini juu ya bei kwa sababu tu mama amecheka. Kila jamii ina mambo yake na meno. Waluo wa zamani waling'oa sita ya chini, Wamaasai mawili. Kwetu sisi, mwanya ulikuwa ni mali.

Shida ni kwamba mimi sikurithi mwanya peke yake. Meno yangu ya juu yalikuwa yametokeza, na ya chini yalipandana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Shuleni waliniita Kifungua Soda. Nilijifunza kucheka na mkono mdomoni, na nilipoanza kazi ya mapokezi nikiwa na miaka 25, bado mkono ulikuwa ukipanda wenyewe. Mteja anasema kitu cha kuchekesha, mkono huo. Siku moja bosi akaniuliza kama nina kikohozi.

Februari 2019 nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya jengo moja pale tauni, karibu na Tom Mboya, kwa daktari wa kunyoosha meno. Alinipiga eksirei, akanichukua vipimo kwa ule udongo wa waridi unaoonja kama bablish iliyopitwa na wakati, halafu akaandika hesabu kwenye karatasi. 60,000 za kuanza, kisha 5,000 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla 180,000. Bima ya kazini ilikataa. Kung'oa watalipa, kuziba watalipa, lakini kunyoosha waliita urembo. Nikachukua mkopo wa sacco.

Mama aliponiona na zile chuma mara ya kwanza, alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Kwani meno niliyokupa yana shida gani?"

"Si ya juu, Mama. Ni haya ya chini."

Nilidanganya kidogo. Daktari alikuwa ameniambia mwanya nao utafungwa, na mimi sikumkataza.

Kila mtu aliyeniona na bresi aliniuliza swali moja: unazitoa lini? Wengi huvaa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, na miwili ndiyo kawaida. Nilidhani ni madaktari tu wanataka kukula pesa polepole, mpaka wangu akanieleza. Jino halijapigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi nyembamba zinazoliunganisha na mfupa. Waya ukilisukuma, mfupa wa upande unaobanwa unaliwa kidogo kidogo, na upande linakotoka mfupa mpya unajengwa. Mwendo wenyewe ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukilazimisha kwa nguvu, unaweza kula mzizi wa jino. Kwa hivyo unangoja. Kila baada ya wiki nne au tano unarudi, waya unabadilishwa, raba zinawekwa mpya, na siku mbili zinazofuata unakunywa uji kama mtoto.

Mimi hesabu yangu ya miezi 24 haikutimia. Machi 2020 korona ikaingia, kafyu ikaja, kliniki ikawa inashughulikia dharura tu, na mshahara wangu ukakatwa nusu. Nilikaa miezi mitano na waya uleule. Waya mmoja ulitoka nyuma ukawa unanichoma shavu, nikaukunja kwa kijiko. Mwishowe bresi zilitoka Septemba 2021. Miezi 31.

Siku hiyo siwezi kuisahau. Ulimi uliteleza kwenye meno kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikashuka zile ngazi, nikanunua mahindi choma kando ya barabara, nikayauma moja kwa moja kutoka kwenye gunzi, na njia yote ya kurudi Kangemi, Waiyaki Way ikiwa imechimbuliwa kila mahali na jam haisongi, mimi nilikuwa nikijiangalia kwenye kioo cha dirisha. Mkono ulikuwa mapajani. Haukupanda.

Ndani ya mkoba nilikuwa na kiboksi cha buluu chenye riteina, kipande cha plastiki angavu kilichochongwa kwa umbo la meno yangu. Daktari alikuwa amesema: miezi sita ya kwanza vaa mchana na usiku, utoe tu ukila. Baada ya hapo, kila usiku.

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayochoka kuwa na meno yaliyonyooka."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia mfupa mpya bado ni mchanga, na nyuzi za ufizi zimevutwa kama raba, nyingine huchukua karibu mwaka kuzoea mahali papya. Mwanya wa mbele ndio msumbufu kuliko yote. Na hata mtu ambaye hajawahi kuvaa bresi, meno yake ya chini huendelea kusongamana kadiri anavyozeeka. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, waliwafuatilia watu waliowahi kunyooshwa meno. Miaka 10 baada ya kuacha riteina, waliokuwa bado na meno ya chini yaliyopangika vizuri hawakufika asilimia 30. Kufikia miaka 20, walikuwa kama asilimia 10 tu.

Yaani miezi 31 ile ilikuwa sehemu rahisi. Ilikuwa na mwisho. Watu walinipigia makofi zilipotoka, niliposti picha, zikapata likes. Hakuna mtu hukupigia makofi kwa kuvaa plastiki usiku wa mia tano na kumi na mbili.

Lakini nilivaa. Nilivaa mpaka Aprili 2023.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeiacha kwenye kikombe jikoni, nikaenda kuoga. Mama alikuwa anaosha vyombo. Akaona kile kitu kimelala kwenye maji baridi, akaona kina utando, na kwa mama yangu uchafu dawa yake ni moja. Akakimiminia maji ya kuchemka kutoka kwenye thamosi. Niliporudi, riteina ilikuwa imejikunja kama karatasi ya peremende iliyoanguka karibu na jiko.

Nilimpigia kelele. Sitaipamba. Nilimuuliza kama anajua hiyo ni pesa ngapi, kama anajua nimelipa deni la sacco miaka mitatu kwa ajili ya hayo meno, kwa nini hushika vitu asivyovijua. Mama hakujibu. Alisimama tu, mkono mmoja una povu la sabuni, mwingine umefunika mdomo.

Huo mkono niliujua. Ulikuwa wangu.

"Mama, toa mkono."

Akakataa. Nikauliza tena, kwa sauti nyingine sasa. Akautoa. Lile jino la mbele la kushoto, moja ya yale mawili yaliyoulinda mwanya, halikuwepo. Alikuwa ameling'oa wiki mbili nyuma, kwa mia tano. Lilikuwa limemsumbua zaidi ya mwaka, akilitulizia karafuu na Panadol. Hakuwa ameniambia kwa sababu, alisema, "Wewe ulikuwa bado unalipa ya kwako, mwanangu."

Wiki mbili. Tunaishi nyumba moja. Nilijua hali ya kila jino langu kwa milimita, na sikuwa nimeona kwamba mama ameacha kucheka.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Sikumpeleka. Niliomba msamaha, nikaahidi mwisho wa mwezi. Kodi ikapanda. Mwisho wa mwezi ukawa mwingine, na mwingine. Riteina mpya nayo ikasubiri kwenye foleni hiyohiyo. Nilijiambia meno yameshazoea. Mama naye akaniambia asivyo na haraka, yeye hamtafuti mume. Sokoni alianza kujibu wateja kwa kutikisa kichwa.

Halafu ikafika Septemba, na sukuma wiki.

Tulienda pamoja Jumamosi iliyofuata. Mama alipanda ghorofa nne akipumzika kila ngazi ya pili, akinilaumu kwa nini madaktari hawakai chini. Kwenye simu nilikuwa na 40,000. Daktari akapima mwanya wangu, milimita moja na nusu. Akaniambia anaweza kuufunga tena, miezi sita hivi, 60,000, kisha abandike waya mwembamba nyuma ya meno ambao haung'oki ovyo. Au anaweza kunitengenezea riteina nyingine ya 10,000 itakayoyashika meno hapohapo yalipofika. Jino bandia la mama lilikuwa 12,000.

Sikufikiria sana, na si kwa sababu mimi ni mtoto mzuri. Nilikuwa nimechoka kukarabati. Nikasema, "Tuyashike hapo. Na mama mtengenezee jino."

Daktari akamgeukia mama na kibao cha rangi za meno, akapata inayofanana. Kisha akamwambia kwa upole, kama anayempa zawadi, kwamba anaweza kulifanya jino jipya liwe pana kidogo ili ile nafasi ya katikati isionekane.

Mama akanitazama mimi kwanza. Halafu yeye.

"Daktari, mwanya wangu uniachie. Pengo ndilo siutaki."

Sasa kwenye rafu ya jikoni kuna vikombe viwili. Jino la mama limeshikiliwa na kibati cha plastiki ya waridi chenye vijiwaya vya kukamata meno ya pembeni. Riteina yangu ya sasa ni ya mtindo uleule, waridi na waya, mtu asiyejua anaweza kudhani ni za mtu mmoja. Za kwetu zinafanya kazi kwa zamu. Usiku mama anatoa lake ili ufizi upumzike, analilaza kwenye maji. Mimi natoa yangu kwenye kikombe, naivaa. Asubuhi tunabadilishana.

Thamosi imehamishiwa rafu ya juu.

Usiku mwingine nikiwa nimelala tayari, nasikia mlango ukifunguliwa kidogo.

"Umevaa?"

"Nimevaa, Mama," najibu, maneno yakitoka na kitembe kwa sababu ya ile plastiki. Yeye naye hana jino, kwa hivyo anaponicheka kicheko kinatoka na upepo. Mlango unafungwa. Nausikia ule upepo mpaka chumbani kwake.